Shemeji anataka kuninunua hisa kwa milioni 2.1. Hesabu hii imetoka wapi?

MamaStoo

Habari zenu. Nina asilimia 30 ya hisa katika kampuni ya spea za lori. Duka liko Kirinyaga Road na godauni liko Industrial Area. Asilimia 70 iliyobaki ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Tulianza mwaka 2012: mimi niliweka mkopo wangu wa sacco, yeye akaja na wateja aliowazoea alipokuwa ameajiriwa mtaani humo humo. Stoo na vitabu vilikuwa mikononi mwangu hadi 2021, nilipolazwa na mgongo nikakaa nyumbani kwa muda. Kurudi, meza yangu ina mtu mwingine na nywila ya programu ya hesabu imebadilishwa. Tangu hapo gawio sijaliona hata la soda.

Majuzi nikaandika barua ya kuomba gawio. Jibu lilitoka kwa mhasibu wake: niuze hisa zangu zote kwa shilingi milioni 2.1. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Inasema faida ya mwaka uliopita, kabla ya riba, ushuru na uchakavu, ni milioni 4, na deni la benki ni milioni 6. Hakuna maelezo mengine.

Sasa ninayoyajua mimi. Godauni ni la dada yangu, na kampuni inamlipa kodi ya 380,000 kwa mwezi. Jirani tunayegawana naye ukuta, nafasi ile ile, analipa 220,000. Tangu 2022 mali haiagizwi tena na sisi wenyewe, hupitia kampuni fulani ambayo watu wanasema ni ya kijana wao. Na mteja wangu wa zamani wa Mlolongo aliniambia kwamba siku hizi akinunua bila ankara hupewa till namba nyingine (namba ya kulipia kwa M-Pesa), si ile iliyobandikwa dukani.

Je, naweza kujua hisa zangu zina thamani gani kweli? Nianzie kwa wakili au kwa mhasibu? Naomba pia mkumbuke kwamba huyu ni dada yangu, na mama yetu kijijini hataki kusikia neno korti.

Kamaa_wa_Grogan

Dada, chukua hiyo pesa ufungue kibanda chako. Niko mtaa huu miaka mingi. Kesi za wenye hisa hapa huisha wakati duka lenyewe limeshageuka la simu. Tena hakuna spea anayeuza kampuni, anauza mtu. Shemeji yako akihama mlango wa pili kesho, madereva watamfuata na wewe utabaki na asilimia 30 ya rafu.

Wakili_Mtulivu

Kamaa anatisha watu, ingawa hajakosea kuhusu muda. Sheria ya Kampuni ya 2015, kifungu cha 780, inamruhusu mwanahisa kwenda Mahakama Kuu akidai kampuni inaendeshwa kwa namna ya kumwonea. Kifungu cha 782 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru hisa zake zinunuliwe, na mara nyingi hapo ndipo mambo haya huishia. Kwa hapa Nairobi ungejikuta Milimani, kitengo cha biashara na ushuru.

Lakini kabla hujamlipa yeyote, tafuta katiba ya kampuni na mkataba wa wanahisa kama mliwahi kuuandika. Mkiwa na kipengele cha usuluhishi, upande ule unaweza kuomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na utakuwa umelipia njia mbili kufika mahali pamoja. Kwa familia, huenda hiyo ya msuluhishi ikafaa zaidi. Hukumu za mahakama huchapishwa na mtu yeyote anazisoma, ila uamuzi wa msuluhishi hukaa kwenye faili.

Jambo la pili, agiza CR12 ya kampuni yenu, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, kupitia eCitizen. Kama jina lako bado limo kama mkurugenzi, una haki ya kukagua vitabu vya hesabu. Mwanahisa mtupu hana haki ya kufungua kila vocha.

MzeeWaLeja

Dada, hiyo milioni 2.1 nimeirudisha nyuma nikaona ilikotoka. Faida milioni 4, mara nne (yaani kampuni nzima imepimwa kwa faida ya miaka minne), ni 16. Toa deni 6, inabaki 10. Asilimia 30 ya hapo ni milioni 3. Kisha wakakata tena asilimia 30 kwa madai kwamba wewe ni mwenye hisa chache usiye na sauti, ikawa 2.1 kamili. Mhasibu wake si mjinga. Njia aliyopita hata mimi ningeipita. Ila amejichagulia pa kuanzia na pa kuishia. Ile "mara nne" ya katikati ndiyo watu hukimbilia kubishania, wakati pesa nyingi ziko kwenye hizo ncha mbili.

Tuanze na ncha ya mwisho, hilo punguzo. Mtu wa nje akinunua asilimia 30 ya kampuni ya familia, ni haki alipe pungufu, kwa kuwa hataweza kuamua lolote. Wewe huuzii mtu wa nje. Unamuuzia yule yule aliyekutoa mezani, naye akishanunua atakuwa na asilimia 100. Uingereza suala hili lilifika House of Lords, iliyokuwa mahakama yao ya juu kabisa, mwaka 1999, kesi ya O'Neill dhidi ya Phillips, na Lord Hoffmann akasema toleo la haki kwa kawaida huhesabu hisa kwa uwiano wake bila kukata kwa sababu ya uchache. Kampuni zilizojengwa kwa kuaminiana, ambamo kila mwanzilishi alitarajia kufanya kazi, ndizo hasa zinazoangaliwa hivyo. Maamuzi ya kule hayawafungi majaji wetu, lakini huyasoma na kuyataja. Wakili wako aanzie hapo. Punguzo likiondoka, umerudi milioni 3 kabla hatujagusa hata risiti moja.

Ncha ya mwanzo ndiyo kazi yangu. Faida iliyoandikwa kwenye hesabu si faida ambayo biashara inaweza kuzaa. Mthamini huisafisha: gharama ya kindugu anairudisha kwenye bei ya soko, matumizi ya nyumbani anayatoa. Na kisu hicho hukata pande zote mbili, jambo ambalo wateja wangu hawapendi kulisikia. Shemeji akijilipa mshahara mdogo kuliko meneja ambaye ungemwajiri badala yake, nitaupandisha, na faida itashuka. Mthamini anayesogeza kila kitu upande wa anayemlipa huvuliwa nguo asubuhi ya kwanza ya kuhojiwa.

Kwa hiyo nijibu haya: shemeji anajilipa kiasi gani? Kampuni hiyo ya kijana iliiuzia kampuni yenu mali ya kiasi gani mwaka jana? Kuna karo au gari humo ndani? Na kwenye hesabu za kila mwaka, sahihi ni za nani?

Ile till ya pembeni tutaijia. Kwa sasa usimwombe mfanyakazi yeyote akuchotee taarifa za simu ya mtu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ushahidi wa kuiba hugeuka ukawa kesi yako mwenyewe.

MamaStoo

Asante sana, mzee. CR12 nimeipata jana jioni na jina langu lipo bado kama mkurugenzi! Leo asubuhi nikaenda dukani nayo mkononi pamoja na barua ya wakili. Kijana wa hesabu alibabaika, akampigia shemeji, kisha akanifungulia. Sikugusa kompyuta, nilikaa na mafaili tu.

Mshahara wa shemeji ni 150,000 kwa mwezi. Mwaka jana kampuni ya kijana ilituuzia mali ya milioni 23. Kwenye "maslahi ya wafanyakazi" kuna milioni 1.1, na nilipofungua vocha nikakuta karo ya shule mbili na bima ya Prado. Wafanyakazi tunao saba, hakuna mwenye Prado. Sahihi kwenye hesabu ni za shemeji na mhasibu wake, yangu haimo tangu 2021.

Orodha za bei za yule muuzaji wa Dubai tuliyekuwa tukiagiza kwake ninazo zote kwenye barua pepe yangu, na bado ananitumia mpya kila robo mwaka. Nikilinganisha bidhaa kwa bidhaa, pamoja na meli na ushuru wa forodha, kijana anatuongezea kama asilimia 15.

MzeeWaLeja

Hizo orodha za Dubai ni dhahabu, kwa sababu hazikutoka kampuni yenu. Kitabu cha ndani kinaweza kuandikwa usiku mmoja. Karatasi iliyokaa kwa mtu baki ndiyo ninayoiamini: benki, forodha, KRA (mamlaka ya mapato), muuzaji wa nje.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwanzo milioni 4. Kodi ya godauni imezidi soko kwa 160,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 1.92, rudisha. Karo na Prado, 1.1, rudisha. Mali ya milioni 23 yenye nyongeza ya asilimia 15 ingegharimu milioni 20, rudisha 3. Jumla tumefika 10.02. Sasa upande wa pili: meneja wa kuendesha duka na godauni kama hilo kwa 150,000 humpati. Nikimweka 300,000, natoa 1.8. Faida iliyosafishwa ni milioni 8.22. Kizidishi nakiacha pale pale walipokiweka wao, mara nne, kwa makusudi, ili wasipate pa kubishia. Inakuwa 32.88. Toa deni 6, inabaki 26.88. Asilimia 30 yako ni kama milioni 8.06.

Usikimbie na hiyo namba. Bado KRA.

Kila shilingi ya nyumbani uliyoitoa kwenye gharama, ushuru wa mapato wa kampuni ulipaswa kulipwa juu yake, asilimia 30, pamoja na riba na adhabu. Mauzo ya till ya pembeni yakithibitika, VAT ya asilimia 16 nayo iko mlangoni. Kwa kawaida KRA hurudi nyuma miaka 5, lakini penye udanganyifu au ukwepaji wa makusudi kikomo hicho hakipo. Deni hilo ni la kampuni, na wewe una asilimia 30 ya kampuni. Wenye hisa wengi huthibitisha wizi kwa ufasaha kisha wakashangaa wamethibitisha na deni. Nikiweka milioni 3 ya tahadhari, 26.88 inashuka hadi 23.88, na fungu lako linakuwa karibu milioni 7.16. Kiasi halisi kitategemea faili, ila mthamini asiyeweka kitu hapo ameacha shimo ambalo wakili wa shemeji ataliona kabla ya chai. Kutokuwa na sahihi kwenye hesabu kunakusaidia, lakini mkurugenzi ni mkurugenzi. Mwulize wakili wako hilo peke yake, ana kwa ana, si hapa.

Kuhusu mauzo yaliyofichwa, usianze na till, anza na stoo. Chagua bidhaa moja inayotembea, tuseme seti za breki. Mwanzo wa mwaka zilikuwepo 300, zikaingia 2,400, mwisho wa mwaka zikahesabiwa 250. Basi zilizotoka ni 2,450. Ankara za mauzo zinaonyesha 1,900. Seti 550 zimekwenda wapi? Toa zilizovunjika na zilizorudishwa, zilizobaki zidishe kwa bei ya kawaida. Kwa 6,500 kila moja, hiyo ni zaidi ya milioni 3.5 kwenye bidhaa moja tu. Rudia kwa klachi, beringi, chemchemi. Ndiyo maana nakuambia usimwachie mtu ahesabu stoo ya mwisho bila wewe au mtu wako kuwepo. Mali iliyoingia haifichiki kirahisi: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kwenye ushuru, kwa hiyo kama kampuni yenu imedai gharama ya mali ya kijana, ankara hizo ziko KRA hata faili likipotea. Na bei aliyolipa yeye bandarini iko kwenye karatasi za forodha. Hizo huwezi kuzichukua mwenyewe, mahakama au msuluhishi ndiye wa kuagiza.

Kuna watu watakuuzia kanuni ya Benford, ile inayosema tarakimu 1 huanza karibu asilimia 30 ya namba na 9 chini ya asilimia 5. Nzuri kwa vocha za matumizi, zikiwa nyingi. Kwa duka la spea ambalo kila kitu ni 950 au 4,800 kwa sababu ndivyo mtaa ulivyozoea, haikuambii kitu. Usilipie michoro.

Kamaa_wa_Grogan

Mzee, heshima. Lakini hujanijibu. Hiyo milioni 8 ya faida nani anaizalisha? Shemeji akiondoka inabaki ngapi? Na godauni hilo ukilifungua, nusu ni mali mfu, spea za malori ambayo hayapo tena barabarani tangu enzi za Moi. Mnaihesabu kama mali?

MzeeWaLeja

Haya ndiyo maswali ya kuulizwa, Kamaa. Mali mfu inatathminiwa kwa bei ya chuma chakavu, na kama nusu ya stoo imekaa hivyo, kampuni ina mtaji mdogo wa kufanyia kazi kuliko inavyoonekana, na hilo litapunguza thamani. Dada, umri wa stoo uandikwe safu kwa safu.

Kuhusu mtu: ni kweli, biashara inayokaa kichwani mwa mtu mmoja hupata kizidishi kidogo. Ndiyo maana mara nne si haba kwa duka la aina hii, na ndiyo maana sikukigusa. Lakini angalia mnunuzi ni nani. Ni huyo huyo mwenye wateja kichwani. Hanunui biashara atakayoikimbia. Hoja ya "wateja ni wangu" ina nguvu mnunuzi akiwa mgeni, na inaishiwa nguvu anapoisema yeye mwenyewe huku akitaka kubaki na duka. Tena akihamia mlango wa pili na wateja wa kampuni akiwa bado mkurugenzi wake, Wakili_Mtulivu ana kazi nyingine.

Wakili_Mtulivu

Ninayo kabisa. Na kuna jambo ambalo mimi ningelisisitiza: tarehe. Thamani ya siku gani? Uingereza, kesi ya Profinance Trust dhidi ya Gladstone ya 2001, mahakama ilisema kwa kawaida huanza na tarehe ya karibu na amri ya kununua, lakini haki inaweza kudai tarehe ya nyuma, hasa kama aliyebaki ameidhoofisha kampuni. Kama biashara ilikuwa na nguvu zaidi 2021 ulipotolewa, mwambie mthamini atoe namba mbili.

Mthamini naye, hakikisha ni mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, mwenye leseni hai, na asikubali kulipwa asilimia ya utakachopata. Wajibu wake ni kwa mahakama. Siku mwenzangu wa upande wa pili akigundua malipo yake yanategemea ushindi wako, ripoti imekufa. Bora zaidi, mpendekezeni mthamini mmoja wa pande zote. Familia ikitaka amani, hilo ndilo la kumwambia mama.

MamaStoo

Nimempigia dada leo. Alilia, kisha akauliza kama mthamini huyo mmoja angekuja godauni lini. Nadhani kuhusu kampuni ya kijana hakuwa akijua yote. CR12 ya hiyo kampuni nimeiagiza pia.

Maswali mawili. Nikijibu barua yao, niseme namba? Na yule mteja wa Mlolongo amenitumia picha za ujumbe wa M-Pesa, zinaonyesha jina la aliyelipwa ni kijana. Zinatosha?

MzeeWaLeja

Usiseme namba. Barua ya wakili ikatae punguzo la asilimia 30 kwa sababu nilizotoa, ipendekeze mthamini mmoja, na iombe vitu hivi: taarifa za benki zote tangu 2021, ankara za kampuni ya kijana, mkataba wa kupanga godauni, hesabu ya stoo na daftari la wanahisa. Wakitoa, tunahesabu. Wakikataa, kukataa kwao kunaingia kwenye hati yako ya kiapo. Na ukija kuuza, kumbuka ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu 2023, na unaolipa ni wewe muuzaji. Usikubali namba ukadhani yote ni ya mfukoni.

Picha hazitoshi. Zinakupa sababu ya kuomba mahakama iagize taarifa ya till yenyewe. Mwambie mteja asifute ule ujumbe na asibadilishe simu akaitupa ya zamani, kwa sababu ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na anayekitoa lazima aeleze umetoka kwenye kifaa gani na ulitolewaje. Je, yuko tayari kuapa, au alikuwa anakupigia umbea tu?

MamaStoo

Yuko tayari. Amesema anadaiwa seti mbili za breki na hawamjibu.